Gharama ya Karibu

Ukifanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Karatu, unasoma riwaya kwa jicho la mtu wa mlangoni. Unatazama nani kapiga hodi, nani kamfungulia, kaandaliwa nini, na nani kalipia. Masika haya, wageni walipopungua na barabara ya Rhotia ikabaki na malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, nilipata nafasi ya kusoma mfululizo, kitabu hiki baada ya kile, bila mwalimu wala mtihani. Riwaya zenyewe zimetoka mbali mbali: Ukerewe, Unguja, Umuofia ya Chinua Achebe, Umasaini upande wa Kenya, na ule mji wa pwani usiotajwa jina wa Abdulrazak Gurnah. Hazifanani kwa lugha wala kwa tabia. Lakini zote ziliniachia swali lile lile: mwenyeji amegharimika kiasi gani, na mwandishi anaijua gharama hiyo?

Kwetu swali hili si la darasani. Magari yanapanda kutoka Mto wa Mbu, yanalala Karatu, na alfajiri yanaondoka kuwahi lango la Lodoare. Wapishi wamekwishaamka usiku wa manane kufunga vyakula ambavyo wageni watakula mchana wakitazama viboko pale Ngoitokitok. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mji huu umejengwa juu ya methali hiyo. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona, tuliona jinsi uponyaji huo unavyoweza kusimama mara moja: vyumba vikafungwa, vijana wakarudi kulima mbaazi kwa wazazi wao, wengine wakauza hata kamera na darubini walizozinunua kwa kudunduliza. Kwa hiyo nikikuta ukarimu katika riwaya, siwezi kuupita kama pambo. Nataka kujua unga umetoka wapi.

Nianze na kitabu ambacho si riwaya, kwa kuwa mwandishi wake ndiye aliyekipeleka kwenye mizani ya riwaya. Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1933 hadi mapema 1934, pamoja na maeneo ya Ziwa Manyara lililo hapa chini yetu, na mwaka 1935 akatoa Green Hills of Africa. Katika dibaji anaeleza kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu aone kama kinaweza kushindana na kazi ya kubuni. Wageni wanaopita huacha vitabu chumbani, na hiki ni kimoja kati ya vile wanavyopenda kuviacha. Nimekisoma kwa heshima. Mtu huyu alijua kutazama ardhi. Vilima vyake, joto lake la saa sita, nyayo za mnyama kwenye udongo mkavu, vyote vimeshikwa sawasawa, na mtu aliyezaliwa huku hana la kumsahihisha.

Watu ndio wanaonisumbua. Wanaomwongoza porini wanaitwa kwa majina ya utani aliyowabandika yeye: mmoja ni Droopy, mwingine Garrick, jina la mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 18, kwa kuwa alimwona ana maigizo mengi. M'Cola peke yake ndiye anayepewa nafasi ya kuwa mtu kamili, mwenye dharau na kicheko chake, na kurasa zake ndizo bora kabisa katika kitabu. Wengine wanabaki kazi tu: kubeba, kufuata, kuchuna. Jioni moto unawaka kambini na chakula kipo, na kitabu hakina haja ya kukaa na aliyeteka maji. Sisemi hili kwa kumlaumu Mmarekani wa miaka ya 1930 kwa kutokuwa mtu wa leo. Nasema kwamba kitabu kilichotaka kushindana na riwaya kilishindwa mahali ambapo riwaya ina nguvu kuliko safari yoyote: kuingia upande wa pili wa mlango.

Upande huo wa pili ndiko anakoishi Aniceti Kitereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali iliandikwa kwa Kikerewe na kukamilika mwaka 1945. Haikupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Kitereza akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwandishi alifariki. Kitabu ni kinene, mwendo wake ni wa polepole, na katika vitabu vyote nilivyosoma masika haya hiki ndicho kilichonikaa zaidi.

Kisa chake hakina ajabu. Myombekere na Bugonoka hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere anabaki na jiko lisilo na mtu. Wanamwambia aoe mwingine. Yeye anaamua kumfuata huyo huyo. Ukweni hafukuzwi, ila anawekewa sharti: kabla ya kuondoka na mke alete pombe ya ndizi kama faini ya matusi ambayo ndugu zake walimtolea Bugonoka.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapochoka, kwa sababu Kitereza hatuambii tu kwamba pombe ilipelekwa. Anatutembeza ndani ya kazi yenyewe. Ndizi za kutosha lazima zipatikane, zivundikwe zikaive, zikamuliwe, zichachishwe, vyombo viazimwe, watu waombwe kusaidia na kubeba. Kila hatua ina mtu wa kuombwa, na kila ombi lina namna yake ya kusemwa. Myombekere hawezi kuimaliza kazi hii peke yake hata angekuwa na nguvu za watu watatu. Inambidi apite kwa majirani na jamaa, awaeleze shida yake, ale kwao, ashukuru, arudi tena kesho.

Nimesikia watu wakikiita kitabu cha mila kilichovalishwa nguo za riwaya, kizuri kwa watafiti na kigumu kwa wasomaji. Sikubaliani nao hata kidogo. Ondoa ile kazi ya pombe, na toba ya Myombekere inakuwa maneno matupu. Mume ambaye ukoo wake ulimdhalilisha mke anatakiwa aone kwa mikono yake heshima ya mke huyo inagharimu jasho la watu wangapi. Kitereza hasemi hivyo popote kwa mdomo wake. Anaacha kazi iseme, siku baada ya siku, na pombe inapofika ukweni msomaji naye amechoka pamoja na wabebaji, na ndiyo maana furaha ya kupokelewa inamgusa. Baadaye, mganga anapowatibu na Bugonoka akapata mtoto, hatuoni muujiza ulioanguka kutoka juu. Tumewaona wawili hawa wakilipia ndoa yao tangu mwanzo.

Na hizo salamu zake ndefu! Wapo wanaoziruka. Mimi nilizisoma zote, labda kwa kuwa nimekulia mahali ambapo mkutano wa wazee wa Kiiraqw unaweza kufunguliwa kwa slufay, mzee mmoja akiongoza maombi na wenzake wakimwitikia, baraka zikitajwa kwa nyumba, mifugo, mvua na watoto, na hakuna anayethubutu kusema tufupishe. Anayetaka salamu ziishe ili jambo lianze hajatambua kwamba jambo limekwishaanza.

Kumsoma Kitereza kisha kumrudia Achebe kunabadilisha namna ya kumwona Achebe. Things Fall Apart ilitoka mwaka 1958, miaka 13 baada ya Kitereza kumaliza muswada wake, na tangu 1973 tunaisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, kwa tafsiri ya Clement Ndulute. Vitabu vyote viwili vinaingia katika jamii ambayo mzungu hajaishika bado, au ndiyo kwanza anaanza kuishika. Vyote vina mume, ukoo, mashamba, waganga. Lakini Achebe anazibana mila zimtumikie katika msiba wake. Kila sherehe inayotajwa ni kigingi kinachomsogeza Okonkwo kwenye kamba yake. Kitereza anaziacha mila ziwe na urefu wake wa kawaida, kwa kuwa kwake zinatengeneza, haziui. Okonkwo anaogopa kuonekana dhaifu kuliko anavyoogopa kutenda ubaya. Myombekere anakwenda ukweni mikono mitupu, mchana kweupe, akijua watamcheka. Nikiulizwa nani kati yao ni shujaa, ninalo jibu, ingawa jina limeandikwa kwenye jalada la kitabu kingine.

Katika Shujaa Okonkwo kuna mgeni mmoja ambaye hakuja kwa hiari: Ikemefuna, kijana aliyetolewa na watu wa Mbaino kama fidia ya mauaji. Anakaa miaka mitatu katika nyumba ya Okonkwo, anamwita baba, anamfundisha Nwoye kuipenda nyumba yake mwenyewe. Halafu neno la mizimu linakuja kwamba auawe. Mzee Ezeudu anamwonya Okonkwo asitie mkono wake. Anautia. Nilisoma kurasa zile sekondari nikaona ni ukatili wa mila. Sasa naziona pia kama kuvunjika kwa jambo kubwa zaidi, lile agano kwamba aliyekula chungu kimoja nawe siku nyingi si wa kuuzwa tena. Achebe anajua gharama ya kuvunja agano hilo: Nwoye anaondoka moyoni kabla hajaondoka kwa miguu.

Yupo na mgeni wa mwisho wa kitabu, Mkuu wa Wilaya, anayeondoka ulipo mwili wa Okonkwo akifikiria kitabu anachokusudia kuandika, na jinsi habari za mtu huyu zitakavyomtosha aya moja hivi. Nilipofika hapo nilimkumbuka Droopy na Garrick. Achebe alikuwa amekwishawaona.

Nilipofungua Peponi sikujua kwamba ingeanzia kazini kwangu. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliandika Paradise kwa Kiingereza ikatoka 1994. Baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021, Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili, na Mkuki na Nyota ikaichapisha mwaka 2022. Baba yake Yusuf ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa. Mji ulichangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli, kisha reli ikasonga mbele na neema ikaondoka nayo. Hoteli imebaki, wageni hawapo, madeni yapo. Mtu wa Karatu aliyepitia 2020 hahitaji maelezo zaidi.

Ndipo anapokuja tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwona kama ami. Akija, nyumba inabadilika. Chakula kinachopikwa ni cha siku kuu, harufu inamfikia Yusuf nje, na mgeni akiondoka humwachia mtoto sarafu mkononi. Gurnah anaandika karamu hizi kwa macho ya mtoto wa miaka 12 anayengojea mabaki na sarafu yake, na sisi tunafurahi naye. Siku moja mgeni anaondoka na Yusuf mwenyewe. Mtoto amewekwa rehani kwa deni la baba. Karamu zote tulizozifurahia zilikuwa zinapikwa na mdaiwa kwa ajili ya mdai.

Sijapata kusoma sura ya kwanza iliyonipiga kama hii. Kitereza anaionyesha gharama ya ukarimu waziwazi, vyombo vikihesabiwa mbele ya watu, na faini ikishalipwa imekwisha, watu wanakunywa pamoja. Kwa Gurnah gharama imefichwa chini ya sinia, na haiishi. Mmoja anaandika jamii ambayo hesabu inafanywa uani mbele ya wazee, mwingine anaandika ulimwengu wa biashara ya misafara ambako hesabu iko katika daftari la tajiri na mtoto hawezi kuisoma. Kwa hiyo sioni sababu ya kusema Kitereza ni wa zamani na Gurnah ni wa kisasa. Wanahesabu vitu viwili tofauti vilivyokuwepo nchini wakati mmoja, umbali wa safari ya msafara mmoja.

Katikati ya kitabu msafara wa Aziz unakwenda bara na kufika kwa Chatu. Chatu hawapokei kama walivyotarajia. Anawanyang'anya mali, mnyapara Mohammed Abdalla anapigwa, Yusuf anazuiwa. Hoja ya Chatu ni nyepesi kueleweka: wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu, nao hawa ni ndugu zao. Gurnah hamfanyi kuwa mtakatifu, wala hamfanyi kuwa mshenzi. Anampa nafasi ya kusema, na akishasema, wasafiri wetu tuliowapenda kwa kurasa mia wanaonekana kwa mara ya kwanza kama wanavyoonekana kutoka mlangoni kwake. Kisha anafika mgeni wa tatu, Mjerumani mwenye askari, anayesikiliza dakika chache na kuamuru mali irudishwe. Aziz anapata sehemu ya vitu vyake. Lakini kuanzia hapo hakuna tena mwenyeji wala mgeni kati yao wawili. Mwenye kuamua nani apite na nani azuiwe ni yule aliyekuja jana.

Watu wa pwani walikuwa na mapokeo yao ya kusimulia safari za bara kabla ya riwaya. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wenyewe, na wahakiki wameonyesha jinsi Peponi inavyojibizana na masimulizi hayo, hasa ya Selemani bin Mwenye Chande. Msafiri wa kale anaeleza alikopita, alichonunua, aliyemdhulumu na alivyookoka. Ni masimulizi ya mgeni, yenye ushujaa na malalamiko ya mgeni. Gurnah amechukua njia ile ile akaijaza watu wa pande zote mbili, na ndipo riwaya ilipoipita safari.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, niliisoma haraka kuliko vyote, na nitaipitia haraka pia, ingawa naipenda. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kuweza kuwa baba yake. Anatoroka ndoa. Mjomba wake anamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, asiye na mali, asiye wa kabila lake, anayeishi maisha ambayo watu wa heshima wanayanong'ona. Siasa za mwanaharakati Denge na wenzake dhidi ya Waingereza ndizo zinazojadiliwa zaidi shuleni, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imezipa sura nzuri. Kwangu mapinduzi makubwa ya kitabu yako katika chumba cha Mwajuma. Yeye hadai. Katika vitabu vyote hivi ndiye mwenyeji pekee anayempa mgeni chumba, nguo, rafiki na ujasiri bila kuandika mahali popote, na Adam Shafi ana hekima ya kutomfanya malaika kwa ajili hiyo. Anampa ucheshi, taarabu, wapenzi na ukali.

Aliyenitia uchungu ni Henry ole Kulet. Blossoms of the Savannah, ya mwaka 2008, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, inawachukua mabinti wawili, Taiyo na Resian, kutoka Nakuru walikozaliwa na kuwarudisha Nasila, kwa ukoo wa baba yao. Ole Kaelo amepoteza kazi na anataka kuanza upya nyumbani. Ukoo unampokea kwa shangwe, ng'ombe wanachinjwa, ndugu wanajaa. Polepole bei inatajwa: mabinti wakeketwe, na Resian aolewe na Oloisudori, tajiri ambaye baba ana deni la fadhila kwake. Ukimtoka Yusuf ukaingia kwa Resian unaona ni deni lile lile, limebadilisha nguo tu. Tofauti ni kwamba Yusuf anatolewa kwa wageni, na Resian anatolewa na nyumbani kwenyewe, kwa jina la kumkaribisha nyumbani. Resian anaokolewa na mwanamke mzee, Nabaru, na kufika kwa Minik, msomi anayeendesha shamba kubwa la mifugo na kuwapokea wasichana waliokimbia. Taiyo hawahi. Anakeketwa kwa nguvu kabla ya msaada kumfikia.

Ole Kulet anaandika moja kwa moja mno pengine. Wabaya wake wana alama ya ubaya tangu wanapoingia, na Achebe au Gurnah wasingefanya hivyo. Lakini nawajua wasichana wa upande huu wa mpaka ambao kitabu hiki kingewaeleza maisha yao, na ningependa sana mtu akiweke katika Kiswahili ili kiwafikie. Uzuri wa mtindo si kipimo pekee ninachokitumia. Kitabu kinachomwambia msichana kwamba yuko Minik mahali fulani, na kwamba kukimbilia kwake si laana, kina kazi ambayo hata Peponi haiifanyi.

Mtu anayesoma vitabu hivi akiwa Karatu hawezi kuviacha kwenye rafu. Katika Kreta ya Ngorongoro iliyo juu yetu waliishi Wadatoga kabla ya Wamasai kuwaondoa karne ya 19. Wajerumani Siedentopf, ndugu wawili, walifuga na kulima humo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na wafugaji waliotolewa Serengeti wakaahidiwa kwamba hapa wataishi na mifugo yao. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wakazi wengi wamepinga hadharani. Malori yenye familia, mbuzi na mabati yamepita katika barabara hii hii inayopandisha watalii. Nikiwa mezani kwangu pale mapokezi nimeyaona yote mawili ndani ya saa moja, moja likishuka na jingine likipanda, na sikuwa na kitabu cha kunisaidia kulitazama jambo hilo isipokuwa sura ya Chatu.

Ninachokitamani ni riwaya itakayoandikwa kutoka jikoni mwa mji huu: Mwiraqw anayekodisha chumba, Mhadzabe wa Ziwa Eyasi anayeamshwa alfajiri kuonyesha wageni jinsi babu yake alivyowinda, mama wa Kimasai anayeuza shanga Lodoare, dereva kutoka Moshi, Mjerumani anayetafuta shamba la babu yake Oldeani. Malighafi ipo, na wageni wamekuwa wakiikusanya muda mrefu. Masimulizi ya Kiiraqw aliyoyaandika Paul Berger miaka ya 1930 yalichapishwa mwaka 1998 na Roland Kiessling. Aliyelala humu ndani ndiye ambaye bado hajaandika. Atakapoandika, namwomba asome kwanza Kitereza, asiogope urefu wa kazi za mikono. Aoneshe vyakula vinavyofungwa usiku, maji ya moto yanavyopanda ghorofani, mshahara unavyogawanywa. Humo ndimo kisa kilimo.

Kuna dereva kijana anayelala kwetu mara kwa mara, ambaye alianza kuazima vitabu kwangu baada ya kuchoka na simu. Aliponiuliza, "Dada, nianze na kipi?" nilimpa Vuta n'kuvute, kwa kuwa hakuna anayeishia ukurasa wa kumi. Kisha nikampa Peponi. Kitereza nimemwekea kwa ajili ya msimu ujao wa mvua. Peponi aliirudisha amekasirika. Anasema Chatu ni mwizi: wageni aliowanyang'anya si wale waliomdhulumu, na yeye dereva anajua ilivyo kusimamishwa njiani ulipie kosa la gari lililotangulia. Nilimwambia kuwa Chatu naye alisimama mlangoni kwake akiwa na ushahidi wa waliopita, na hakuwa na namna nyingine ya kumjua anayekuja. Akasema hiyo ndiyo hoja ya kila mtu wa kizuizi cha barabarani. Tuliendelea mpaka mama mpishi akatuita tule, naye akataka kusimuliwa habari za huyo Chatu tangu mwanzo, ili aamue mwenyewe.